Nusu Kidonge

Hakuna chuo kilichompa udaktari, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema kwamba anao. Jina lilianza kama mzaha, siku jirani wa mlango wa pili alipomwona akirudi kazini na mfuko wenye nembo ya hospitali, akamwuliza kama mtoto mwenye kikohozi apewe dawa ya chupa nyekundu au ya chupa ya kijani. Angeweza kujibu, "Jirani, mimi nashona mashuka." Badala yake alimwekea mtoto mkono kifuani, akainamisha kichwa kama alivyowaona madaktari wakifanya, akasema, "Mpe ya kijani." Mtoto akapona, kama watoto wengi wanavyopona kikohozi, wapewe ya kijani, nyekundu au maji matupu. Tangu siku ile akawa Daktari wa Uzi, na jina likamganda.

Kazi yake hasa ilikuwa kwenye chumba cha kushonea, nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ambapo wagonjwa hawafiki na madaktari hupotea njia. Humo mlikuwa na cherehani tatu, moja mbovu. Shuka la wodini huchakaa katikati, pale mwili unapolala. Yeye hulikata kwa urefu, akaziunganisha zile kingo mbili ambazo bado ni nzima ziwe katikati, kisha akapinda upya pembeni. Shuka lililokuwa la kutupwa linarudi wodini kufanya kazi mwaka mwingine. Aliipenda kazi hiyo. Alipenda kuona kitu kilichokatiwa tamaa kikitandikwa tena.

Labda ndiyo maana hakuweza kutupa dawa. Nyumbani kwake, droo ya juu ya kabati la vyombo ilikuwa imejaa mabaki ya maradhi ya ukoo mzima. Shemeji akipona jino, vidonge vilivyobaki vilikuja kwake. Wifi akimaliza siku tatu kati ya saba akajisikia vizuri, siku nne zilizosalia zilikuja kwake. Yeye alivipanga kwa rangi, na mtu akija na maumivu, alifungua droo, akatia miwani, akafikiri.

"Unanitibu magoti mwaka wa tatu huu," Mama Pasi, mwenzake wa kunyoosha nguo, alikuwa akimtania. "Na magoti yenyewe yanazidi kulia kama mlango usiotiwa mafuta."

"Kwa sababu hufuati masharti."

"Masharti gani? Uliniambia nisisimame. Nikae nipige pasi kwa miguu?"

Basi walicheka, mvuke ukipanda, siku zikaenda.

Mumewe alikuwa mpaka rangi. Mwaka uliotangulia jukwaa la mbao lilimwangusha kutoka ghorofa ya pili, bega likavunjika, akapasuliwa na kuwekewa vyuma. Hospitali ilimwandikia vidonge vikali vya maumivu, vya aina ambayo duka la dawa halikupi bila karatasi ya daktari. Alivimeza wiki tatu, kisha akajikaza kisabuni na kurudi kwenye brashi zake. Lakini kila alipokwenda kuonwa aliandikiwa vingine, na kila alipoandikiwa mkewe alivichukua. Zilifika chupa mbili na nusu. Ziliwekwa kwenye droo, nyuma, pamoja na dawa za heshima.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, msichana wa miaka kumi na sita. Baba yake alimwita "mama", kwa kuwa alichukua jina la bibi yake mzaa baba. Watu wengine wote walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo. Alianza kusema kabla ya kutembea, na shuleni ndiye aliyekuwa akitangulizwa kwenye midahalo. Mwalimu wake alisema mtoto huyu akipewa dakika tano anazitumia saba na hakuna anayelalamika.

Miezi ya karibuni Chiriku alikuwa amepoa. Alirudi shule akalala na sare mwilini. Midahalo aliiacha, akasema imemchosha. Alikula kidogo, akalalamika tumbo kufunga, akawa anajibu "sawa" kwa kila kitu, hata maswali ambayo "sawa" si jibu lake. Mama yake aliona yote hayo. Akatia miwani, akafikiri, akasema ni umri.

Jumamosi moja asubuhi kulikuwa na baridi, na baba mtu bega likamwuma. Akaenda mwenyewe kwenye droo, maana mkewe alikuwa akianika nguo.

"Mama Chiriku!" aliita. "Hivi dawa ya bega nayo siku hizi inatiwa mnanaa?"

"Mnanaa gani?"

"Mnanaa, mke wangu, mnanaa. Nimekitafuna kwa sababu maji yalikuwa mbali. Mdomo unanukia vizuri, ningekuwa kijana ningetoka matembezi. Ila bega liko palepale."

Mkewe alicheka huku akibana shati kwenye kamba. Alipofika kwenye shati la pili, kicheko kilimkauka.

Aliingia ndani, akaichukua chupa, akaenda nayo chumbani na kumimina vidonge juu ya kitanda. Vyote vyeupe, vyote vya mviringo, karibu sawa kwa ukubwa. Mtu mwingine asingeona kitu. Lakini vidole vyake vilikuwa na miaka ishirini ya kutafuta ncha ya uzi bila kuangalia. Kidonge cha bega kilikuwa na mstari wa kukigawa katikati. Hivi vilikuwa laini na viliacha unga. Alikinusa kimoja. Dawa ya kiungulia, ile ya kutafuna, inayouzwa popote. Akaifungua chupa ya pili: hivyo hivyo. Ya tatu: hivyo hivyo, isipokuwa chini kabisa, ambako vilikuwa vimebaki vinne vya kweli.

Alikaa kitandani. Hakujiuliza ni nani. Nyumba ya watu watatu haina mafumbo mengi. Alichojiuliza ni lini, na jibu la hilo nalo alikuwa nalo; lilikuwa limekaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ilikuwa wiki ya mitihani, miezi saba nyuma. Chiriku alikuwa katika siku zake, tumbo linamkata, kesho yake ana hesabu asubuhi na amelia mpaka macho yamevimba. Vidonge vya kawaida havikufua dafu. Ndipo yeye, mama, alipotoa chupa ya baba, akachukua mkasi mdogo wa kukatia uzi, akakigawa kidonge kwenye mstari wake. "Nusu tu," alisema. "Meza, ulale. Una daktari wako ndani ya nyumba, unahangaika nini?" Mtoto alilala kama aliyebebwa. Asubuhi alisema, "Mama, sijawahi kujisikia vizuri hivi." Na yeye alifurahi. Mwezi uliofuata akampa tena. Na mwezi uliofuata, maana hata kichwa kilikuwa kikimwuma. Baada ya hapo mtoto hakuomba tena, na mama akadhani maumivu yameisha.

"Zimeharibika," alimwambia mumewe. "Zimekaa sana. Nitakukanda kwa maji ya moto."

"Mimi mnanaa sikuuchukia," alisema mumewe.

Vile vinne alivifunga kwenye leso, akaitia mfukoni. Dawa za kiungulia alizitupa. Akajiambia kwamba sasa mambo yamekwisha: mtoto atafungua droo, atakuta hakuna, ataelewa kwamba mama amejua, ataona haya, ataacha. Hakuna haja ya maneno. Hakuna haja ya mtu wa tatu. Maana mtu wa tatu, vyovyote atakavyokuwa, atauliza Daktari wa Uzi alikuwa wapi.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la pili, na alilifanya kwa nia njema ileile iliyomfanyisha la kwanza.

Jumapili mchana Chiriku alianza kupiga miayo, miayo mirefu ya kutoa machozi, bila usingizi. Pua ikawa inavuja. Vinyweleo vilimsimama mikononi na papo hapo jasho likamtoka. Akakataa chakula, akatapika maji. Mama yake alimfunika, akamfunua, akampima joto, akamwuliza kama ameumwa na mbu. Baba alikuwa ameitwa kumalizia ukuta wa mtu, na nyumba ilikuwa kimya isipokuwa msichana yule akijigeuza kitandani, miguu haitulii.

Mama alitoka kuchota maji. Aliporudi alimkuta jikoni, amekaa sakafuni, droo ya dawa iko mapajani mwake, vikaratasi na chupa vimetapakaa.

"Viko wapi?" Chiriku aliuliza.

"Nini?"

"Mama, tafadhali. Usinifanye mjinga, na mimi sitakufanya mjinga. Viko wapi?"

"Nimeviondoa."

Msichana aliegemeza kichwa kwenye kabati. Hakupiga kelele, ingekuwa rahisi kama angepiga.

"Nipe kimoja. Leo tu. Mwili wote unauma, hata nywele zinauma." Kisha akasema taratibu, kama mtu anayedai kitu anachojua ni chake: "Nipe nusu. Nusu kama ile ya kwanza."

Mkono wa mama ulikwenda mfukoni kabla hajauruhusu. Leso ilikuwa pale. Nusu ilikuwa pale. Mkasi ulikuwa juu ya meza. Alijua kwamba ndani ya saa moja mtoto angetulia, angelala, angemshukuru. Na alijua pia, kwa uhakika uliomtisha, kwamba hajui chochote kuhusu jambo hili: hajui nusu hiyo itamsaidia au itamwua, hajui kuacha ghafla kunafanya nini, hajui kesho itakuwaje. Miaka yote aliyowatibu watu hakuwahi kujihisi hajui. Aliutoa mkono mtupu.

"Unameza vingapi?" aliuliza.

"Vitano. Siku nyingine sita."

Alikaa naye sakafuni. Maji aliyoyachota alimnywesha kidogo kidogo kwa kijiko.

"Kesho twende hospitali," alisema hatimaye.

"Hospitali yako?"

"Ndiyo iliyopo."

Chiriku alifikiri. Hata katika hali ile, mwanamdahalo ndani yake hakuwa amelala. "Nitaenda, lakini kwa sharti moja. Usiseme ulinipa wewe. Tutasema nimeiba. Mimi ni mtoto, wizi wangu utasahaulika. Wewe wakijua watakufukuza, na kila mtu atasema."

"Chiriku."

"Niahidi, mama, la sivyo siendi."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amechoka, na zaidi ya kuchoka, ahadi ile ilimpa nafuu. Na nafuu yenyewe ikamtia aibu.

Jumatatu asubuhi aliwaza kumpitisha mtoto mlango wa nyuma, lakini mlango wa nyuma unapita kwenye pasi. Mama Pasi aliweka chini bunda la mashuka, akamtazama msichana anayetetemeka juani.

"Homa," alisema mama haraka.

"Homa haipigishi miayo hivyo." Mama Pasi alisogea karibu, akashusha sauti. "Mdogo wangu wa mwisho alipitia haya, kwa dawa ya kikohozi. Chupa nne kwa siku. Mwenzangu, magoti yangu nimekuachia, yatibu utakavyo, hata ukiyapaka rangi sawa. Huyu usimguse. Mpeleke kwa Mjomba."

"Mjomba nani?"

"Kliniki ya vijana, jengo la pembeni. Mapazia yao umeyashona wewe mwenyewe, umesahau? Nenda. Msimamizi akikuuliza nitasema umekwenda kupima madirisha."

Mjomba alikuwa muuguzi wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote. Jina alipewa na vijana wenyewe. Chumba chake kilikuwa na viti vitatu vya sura moja, bila meza katikati, na mapazia ambayo kweli mama ndiye aliyeyashona. Pindo moja lilikuwa limekwenda upande, na alishangaa kwamba hata saa ile jicho lake liliona. Kwanza alikuja daktari, mwanamke kijana. Alimpima msukumo wa damu, akamwangalia macho, akasikiliza kifua, akamhakikishia Chiriku kwamba anachokisikia ni kibaya lakini kina mwisho, na kwamba kuna dawa za kukipunguza ambazo atapewa hapohapo, chini ya uangalizi. Kisha aliwaacha na Mjomba.

"Karibu, mpwa wangu," alisema Mjomba. "Hapa kuna sheria moja: ukisema uongo, sikuadhibu, ila nitakutibu ugonjwa usio wako. Tunaelewana?"

Chiriku alitabasamu kidogo licha ya miayo.

Mjomba aliuliza polepole. Vingapi kwa siku. Cha mwisho lini. Kuna siku alichanganya na pombe, au vidonge vya usingizi? Hapana. Kuna siku alishindwa kupumua vizuri, au kuamka? Mara moja, alisema Chiriku, aliamka midomo ina ganzi na hakukumbuka jioni yote. Jioni hiyo mama aliikumbuka. Alimfunika blanketi, akasema mtoto amechoka na masomo.

"Na unapovimeza unapata nini?" aliuliza Mjomba. "Sikuulizi ubaya wake, huo unaujua. Nauliza uzuri."

"Kelele zinaisha," alisema. "Kichwani. Kila mtu anasema mimi naweza, naweza, dakika tano nitumie saba. Nikimeza, hakuna anayenisubiri niseme kitu."

Mjomba aliandika, bila kutikisa kichwa wala kuguna. "Na cha kwanza ulikipata wapi?"

"Niliiba," alisema Chiriku mara moja. "Dawa za baba. Kwenye droo."

"Uliiba tu hivihivi? Hujui ni dawa gani, ukaamua umeze?"

"Nilisikia shuleni."

Alidanganya vizuri, macho yametulia, kama anavyotetea mada asiyoiamini. Mjomba akaandika. Kalamu ilikuwa ikifika mwisho wa mstari, na swali lilikuwa likipita, kama gari linalopita kituo. Sekunde mbili tu zaidi na lingekuwa limekwenda. Mama aliutazama mkono wa mtoto wake uliokuwa ukitetemeka juu ya goti. Mkono ule ulikuwa unambebea mzigo. Mtoto wa miaka kumi na sita, anaumwa hata nywele, na bado ameona yeye ndiye wa kumficha mama.

"Hapana," alisema.

"Mama!"

"Hapana. Andika upya, ndugu yangu. Hakuiba. Cha kwanza nilimpa mimi. Nilikikata kwa mkasi. Na cha pili nilimpa mimi, na cha tatu. Tumbo lilikuwa linamwuma, na mimi..." Aliushika mkono wa mtoto. "Mimi nashona mashuka hapa hospitali. Watu wananiita daktari, nikakubali. Hata yeye nilimwambia mimi ndiye daktari wake."

Chiriku alikuwa ameanza kulia, kwikwi ndogo za hasira. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi. Najua. Nikasirikie hilo, una haki. Lakini hutaondoka humu na jina la mwizi kwa ajili yangu."

Mjomba alikata mstari mmoja kwenye karatasi yake, akaandika mwingine.

"Wengi wanaokaa kwenye kiti hicho," alisema, "cha kwanza walipewa na mtu anayewapenda. Mama, shangazi, kaka, rafiki. Hakuna aliyekusudia. Mimi siulizi ili nimpelekee mtu barua. Nauliza kwa sababu binti atarudi nyumba ileile, na lazima nijue nyumba hiyo ina nini." Akamgeukia mama. "Zimebaki?"

Alitoa leso, akaifungua. Vidonge vinne vilikaa pale kwenye kitambaa, vidogo, havina hatia yoyote usoni.

"Nenda navyo duka letu la dawa, wanapokea vya kurudisha. Na droo yote, lete yote. Ile ambayo mtu anaihitaji kweli, ifungiwe kwa ufunguo na ihesabiwe. Na lililo muhimu kuliko yote, msikilize wote wawili. Mwili ukikaa bila dawa hizi, unasahau namna ya kuzibeba. Wiki chache kutoka leo, vile vitano vya zamani vinaweza kumzimisha pumzi. Siku tamaa ikimshika, msifichane. Akianguka tena, aje. Akianguka mara kumi, aje mara kumi. Sitamwuliza mbona umerudi."

Jioni walimwambia baba. Mama alisema yote mwenyewe, amesimama, kama mtu anayesoma taarifa. Mpaka rangi alisikiliza huku akijikwangua rangi kavu kwenye kucha. Kisha akamtazama mkewe kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, na kwa siku mbili alizungumza naye maneno ya lazima tu. Lakini usiku ule hakukaa mbali na kitanda cha binti yake.

"Mama yangu," alimwambia Chiriku, "nilidhani kilichovunjika humu ndani ni bega langu peke yake."

"Pole, baba. Nilikuachia mnanaa."

"Ulinipunguzia kiungulia," alisema baba, na wote wawili wakacheka kicheko cha kuumia, yeye akishika bega, binti akishika tumbo.

Siku tano za kwanza zilikuwa ndefu. Dawa za kliniki zilisaidia, ila hazikufuta maumivu yote. Baada ya hapo mwili ulitulia, na ndipo sehemu nyingine ya kazi ilipoanza: mara mbili kwa wiki kwa Mjomba, peke yake au na vijana wengine wanne, na kila Ijumaa wazazi wote wawili. Kulikuwa na Ijumaa ambazo walitoka humo wamenuniana. Chiriku alichukua wiki mbili kumsamehe mama yake ahadi aliyoivunja. Wiki ya tatu alidanganya kwamba amekwenda kliniki na hakwenda. Akasema mwenyewe kesho yake.

Droo ilipelekwa yote, mifuko miwili. Jirani wa mlango wa pili alipokuja na mtoto mwenye vipele, aliambiwa, "Jirani, mimi fundi wa mashuka. Twende pamoja zahanati, nitakusindikiza." Jirani aliondoka amekunja uso, akawaambia watu kwamba mtu akikaa sana na wakubwa hospitalini anaota pembe. Msimamizi wa chumba cha kushonea naye alisikia, kama kila kitu kinavyosikika pale. Alimwita, akamwuliza swali moja tu, kama dawa zile zilitoka hospitali kwa njia isiyo halali. Alipoambiwa hapana, alisema, "Basi una mashuka thelathini ya wodi ya wazazi," na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki ya nane, Alhamisi, saa tisa alasiri, mlango wa chumba cha kushonea ulifunguliwa. Chiriku alikuwa amesimama na sare ya shule, begi begani, anahema kama aliyekuja mbio.

Mama aliinua mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Anayekaa dawati la mbele yangu," alisema Chiriku, "amepasuliwa magego. Amepewa vilevile. Vyenye mstari. Akaniuliza kama nataka kuvijaribu, eti vinachekesha." "Mama, nilikishika. Kilikuwa mkononi. Nikamrudishia, nikamwambia avifiche asimpe mtu, kisha nikatoka bila kuaga. Lakini bado nakitaka. Hata sasa hivi. Nimetembea njia nzima nakitaka."

Mama Pasi aliweka pasi wima, akageukia dirisha, akawa mtu anayeangalia hali ya hewa.

Maneno mengi yalimjia mama mdomoni. Kunywa maji. Lala kidogo. Usiwaze. Hongera. Kila moja lilikuwa na sura ya dawa. Akayaacha yote yapite.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Sijui."

"Mimi pia sijui," alisema, na alishangaa jinsi neno hilo lilivyokuwa jepesi kulitamka. "Twende kwa anayejua."

Walitembea uwanjani, bega kwa bega, wakapishana na kitanda cha magurudumu na mtu anayekula ndizi. Mlango wa Mjomba ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameshainua mguu kuvuka kizingiti, mdomo umeshafunguka ili aanze kueleza, wakati Chiriku alipomshika mkono.

"Ngoja hapa," alisema. "Nitasema mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Mama alikaa kwenye benchi la ukutani. Hakuwa na sindano, hakuwa na kitambaa, hakuwa na cha kumpa mtu yeyote. Sauti hazikusikika kutoka ndani, na hakujaribu kuzisikia. Jua lilisogea kutoka mguu mmoja wa benchi hadi wa pili. Mara mbili aliinuka, mara mbili akakaa tena. Alikuwa ameshona miaka ishirini bila kuchoka hivi.

Mlango ulipofunguliwa, macho ya Chiriku yalikuwa mekundu na begi lilikuwa limening'inia kwenye kiwiko. Alimtazama mama yake kidogo, kama anayepima iwapo atabanwa kwa maswali. Mama hakuuliza.

"Nina njaa," alisema Chiriku.

"Njaa ya nini?"

"Ya chochote. Nyingi."

Mama aliinuka, akajifuta nyuzi zilizomganda kwenye sketi, wakaondoka kwenda kutafuta chakula.